Gitaa, kichekesho na ujasiri: shule ya mitaani ya Lubumbashi

Anayetaka kulielewa gitaa la Katanga aulize kwanza lilikuwa likipigiwa wapi. Lilipigiwa barabarani, ndani ya lupango, yaani ua wa nyumba, jioni baada ya kazi, kwenye baa za mtaani, milangoni mwa nyumba za kambi za kampuni ya migodi ya Union Minière. Lilipigwa mbele ya watu waliokuwa na haki ya kucheka, kujibu, kudakia wimbo katikati, na kwenda zao wakichoka. Mimi nafundisha gitaa na kuimba hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, na tangu nianze kazi hii jambo linalonishughulisha kuliko yote ni hofu. Napokea vijana wenye vidole vyepesi na sikio safi. Nyumbani wanapiga vizuri kabisa. Ukiwasimamisha mbele ya watu kwenye harusi, uso unakaza, macho yanashuka kwenye nyuzi, na wimbo uliokuwa unacheka jana leo unasomwa kama barua ya ofisini. Waliowatangulia katika mji huu hawakuwa hivyo, na sababu yake imo katika historia yetu.

Mji wenyewe ulizaliwa na shaba na reli. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ikafika mwaka 1910, na mwaka huohuo Wabelgiji wakauanzisha mji wakauita Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Migodi ilitaka mikono mingi kuliko iliyopatikana karibu, kwa hiyo watu waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland, Kasai, na baadaye Ruanda-Urundi. Walikutana wageni kwa wageni, Kiswahili kikawa lugha yao ya kambini na sokoni, na kila mmoja alikuja na ngoma ya kwao. Reli hiyohiyo ilileta magitaa na sahani za santuri kutoka Johannesburg. Lakini kabla ya gitaa kuwa mfalme wa jioni zetu, ilikuwapo michezo.

Beni nitaitaja ya kwanza. Ilizaliwa pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, vijana Waswahili walipochukua gwaride na matarumbeta ya wazungu wakayageuza kuwa mchezo wao wa mashindano. Vita vya 1914 hadi 1918 viliisambaza bara pamoja na askari, makarani na wapagazi, na baada ya vita ikawa inachezwa hata Katanga. Kila chama kilikuwa na mfalme wake, majenerali wake, sare na nishani. Wakubwa wa kikoloni waliitazama kwa wasiwasi, wakidhani ni siasa iliyojificha. Mimi naona jambo jingine ndani yake. Mtu aliyeitwa boyi tangu asubuhi, au aliyefokewa na kapita, yaani msimamizi, mchana kutwa, Jumapili alivaa mkanda akapita mbele ya umati akiwa jenerali, na umati ukampigia saluti. Alikuwa anacheza, na kila mtu alijua kwamba anacheza, lakini mgongo alioukunjua ulikuwa mgongo wake wa kweli.

Ngoma ya kalela ilifuata. Ng'ambo ya mpaka, katika mji wa migodi wa Luanshya, Rhodesia ya Kaskazini, mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell aliitazama mwaka 1951 na kuchapisha kitabu chake juu yake mwaka 1956. Wachezaji, vijana wafanyakazi, walivaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vinavyong'aa. Kundi lilikuwa na mfalme, lilikuwa na daktari mwenye koti jeupe, na lilikuwa na muuguzi wa kike aliyepita kwa kila mchezaji akiwa na kioo na kitambaa, ili ajitazame na kujifuta jasho. Nyimbo zao zilisifu kwao na kuwatania watu wa makabila mengine, na hao waliotaniwa walisimama palepale wakisikiliza na kucheka. Huyo muuguzi ananigusa sana. Kundi zima lilikubali kwamba anayeingia uwanjani anahitaji mtu wa kumtazama usoni na kumwambia uko sawa, endelea. Ni wangapi leo wanaomfanyia mwimbaji chipukizi jambo hilo? Sisi tunamsukuma mbele ya kipaza sauti, kisha tunakunja mikono kungoja akosee.

Katika udongo huo ndipo lilipoota kundi la Jecoke. Ni miaka ya 1950, katika komini ya Kenya, mtaa wa Waafrika wa Élisabethville ambao hauhusiani na nchi ya Nairobi ila kwa jina. Jecoke ni ufupisho wa Jeunes Comiques de la Kenya, vijana wachekeshaji wa Kenya. Hawakujitambulisha kwanza kuwa wanamuziki. Waliimba kwa sauti zilizopangana, walicheza kwa viungo vyote, waliigiza na kuchekesha, na gitaa lilikuwa katikati ya yote hayo likiyashikilia. Mpiga gitaa Édouard Masengo, ambaye baadaye jina lake lilifika mbali, alipitia humo.

Kwa maoni yangu hakuna chuo kilichowafundisha wanamuziki wa mji huu zaidi ya Jecoke, na wala hakikuwa na jengo. Mchekeshaji hapati nafasi ya kujidanganya. Mpiga gitaa anaweza kupiga vibaya watu wakampigia makofi kwa adabu, lakini mchekeshaji asipochekesha anajua papo hapo, naye analazimika kubadili njia kabla pumzi haijakatika. Aliyezoea hivyo, ukimpa gitaa, hatazami nyuzi. Anatazama watu. Anajua mama yule wa pembeni anataka wimbo urudiwe, anajua wale vijana wa nyuma wamechoka, anajua pa kunyamaza. Ujasiri wa jukwaani, ninavyouelewa mimi, ni huko kuwatazama watu bila kuogopa watakachokuonyesha.

Sasa nije kwa Jean-Bosco Mwenda, kwa sababu bila yeye hadithi hii haisimami. Alizaliwa mwaka 1930, mtu wa Bunkeya, makao ya mfalme Msiri wa Bayeke, na baadaye alipenda kuitwa Mwenda wa Bayeke. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki aliyezunguka nusu ya Afrika na mashine yake ya kurekodi, alimkuta Jadotville, yaani Likasi ya leo, akipiga gitaa barabarani. Alirekodi wimbo wa Masanga, ukatolewa katika santuri za Gallotone, na tangu hapo dunia ikaanza kusikiliza. Alipiga kwa vidole viwili, gumba na kidole cha shahada. Gumba lilitembea chini, kidole cha shahada kiliimba juu, na kati yao palisikika mtu wa tatu asiyeonekana. Nimewapa wanafunzi wengi wimbo huo kusikiliza, na swali lao la kwanza ni lilelile: wapiga gitaa wako wangapi?

Jambo ambalo wengi hawalisemi ni namna Bosco alivyocheza na wimbo wake mwenyewe. David Rycroft, msomi wa muziki, aliandika uchambuzi mrefu uliochapishwa mwaka 1961 na 1962 katika jarida la African Music, na aliuhusisha moja kwa moja na ubunifu wa papo kwa papo wa Bosco. Alionyesha namna kipande kifupi kinavyogeuzwa na kugeuzwa tena, kikavutwa, kikakatwa, kikarudi na kichwa kingine. Hii ndiyo tabia ya mtu aliyekulia barabarani. Mpita njia hasimami kusikia jambo lilelile mara kumi. Bosco alilazimika kumpa sababu ya kukaa, na sababu hiyo aliitafuta ndani ya wimbo.

Kando ya gitaa, mwenzake mmoja aligonga chupa kwa kijiti au kisu. Chupa ile haionekani kuwa kitu, lakini ndiyo iliyompa mpiga gitaa uhuru wa kwenda mbali bila kupotea njia. Mtoto wa miaka minane angeweza kuigonga. Kwa hiyo mtoto wa miaka minane alikuwa tayari ndani ya muziki, mbele za watu, akiwa na kazi inayotegemewa, miaka mingi kabla ya kushika gitaa. Tukitaka kujua ni lini wapiga gitaa wa zamani walimaliza woga wao, jibu mojawapo ni hilo: waliumaliza wakiwa wagonga chupa.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Masengo na Bosco walikwenda Nairobi, wakarekodi, nyimbo zao zikapigwa redioni, hata katika matangazo ya biashara. Wapiga gitaa wa magharibi ya nchi ya Kenya waliwasikiliza kwa makini. Mwaka 1969 Bosco alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Nyumbani alikuwa mtu wa kazi ya ofisini. Watu wa hapa walimjua kama jirani mwenye gitaa, na hilo nalo lilikuwa baraka, maana jirani unaweza kumwita, ukakaa naye, ukamwomba akuonyeshe.

Lakini nisiifanye barabara kuwa kila kitu. Mji huu ulikuwa pia na kanisa, na kanisa lilikuwa na kwaya. Mwishoni mwa miaka ya 1930 padri Mbenediktini Anschaire Lamoral alianzisha kwaya ya watoto ya Croix de Cuivre, msalaba wa shaba. Joseph Kiwele, aliyezaliwa Mpala kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1912 na kulelewa shuleni mwa mapadri, alifundisha muziki hapa na akaitungia dunia Missa Katanga. Mwaka 1960, Katanga ilipojitenga, alikuwa waziri wa elimu na ndiye aliyetunga wimbo wake wa taifa. Mwaka uliofuata alifariki. Kule Kamina padri Mfransisko Guido Haazen alikusanya watoto na walimu wakawa Troubadours du Roi Baudouin, na mwaka 1958 wakarekodi Missa Luba.

Wako wanaosema kwaya za mapadri ziliua uhuru wa waimbaji wetu. Sikubaliani nao moja kwa moja. Pumzi ndefu, sauti iliyowekwa mahali pake, masikio ya kumsikia jirani: mambo hayo yalifundishwa huko, nami mwenyewe niliyapata kanisani. Tena Missa Luba ilikua kwa waimbaji kubuni pamoja, wakichukua mitindo ya nyimbo zao na kuitafutia maneno ya Kilatini. Kwaya inapokuwa hivyo ni mama wa ubunifu. Ninachokipinga ni ile kwaya iliyobaki na fimbo tu, ambamo kukosea noti ni aibu ya juma zima. Mtoto aliyekulia humo anajifunza kwamba watu waliokaa mbele yake ni mahakimu.

Baada ya uhuru na vita vya kujitenga likaja jaribu la aina nyingine. Mobutu alichukua nchi mwaka 1965, mwaka 1967 serikali ikataifisha Union Minière, na kampuni ikaishia kuitwa Gécamines. Mwaka 1972 Katanga ikawa Shaba. Katika miaka hiyo ilienea animation, vikundi vya kuimba na kucheza vya kila shule, kila kampuni na kila ofisi, kwa sifa ya rais na chama. Maelfu ya watu walisimama mbele ya umati kwa mara ya kwanza kwa njia hiyo, na wapo wapiga ngoma na wachezaji hodari waliofunguliwa macho huko. Hata hivyo hatua zilikuwa zimepangwa, maneno yamepangwa, tabasamu limepangwa. Kuteleza hakukuwa tena kosa la muziki. Ujasiri unaotolewa kwa amri hauhamii kwenye wimbo wako mwenyewe. Hilo nimeliona kwa watu wazima wanaokuja kwangu leo, wanaocheza kwa mpangilio safi lakini ukiwaambia fanya upendavyo wanauliza, nifanye nini?

Wakati huohuo mchezo wa zamani ulikuwa haujafa. Ulihamia katika maigizo. Kundi la mchekeshaji Mufwankolo, lenye mizizi katika Jecoke, lilijulikana na kila nyumba ya Lubumbashi kwa michezo yake ya Kiswahili redioni na kwenye televisheni. Mwaka 1986 Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa amefundisha katika chuo kikuu cha hapa miaka ya 1970, alirudi mjini. Siku moja akila kuku, alipewa filigisi, akaambiwa kwa Kifaransa kwamba mamlaka huliwa mazima. Akawauliza wanakundi msemo huo una maana gani. Jibu lao lilikuwa mchezo mzima wa kuigiza, uliopewa jina la msemo huo na kurekodiwa kwa ajili ya televisheni katika kijiji cha Kawama, nje ya mji. Fabian aliyaandika yote katika kitabu chake Power and Performance cha mwaka 1990, na mimi nakihesabu kuwa kitabu cha kufundishia muziki ingawa hakikuandikwa kwa nia hiyo.

Hawakuwa na maandishi ya kukariri. Walikaa wakazungumza: mamlaka ni nini, mfalme anakosea wapi, kijiji kinafanya nini akikosea. Wakakubaliana nani anaingia lini na tukio linaishia wapi. Baada ya hapo kila mwigizaji alitafuta maneno yake mwenyewe, mbele ya wenzake, na mazoezi yaliyabadili maneno hayo kila mara. Yaani palikuwa na fremu ngumu, na ndani ya fremu uhuru. Masanga ya Bosco ni hivyohivyo: gumba halibadiliki, kidole cha shahada kinatembea. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu walimu wenzangu wengi wanadhani ubunifu ni kipaji kinachoshuka kutoka juu, kwamba huyu anacho na yule hana. Wazee wa Lubumbashi waliujenga kwa makubaliano na mazoezi.

Miaka ya 1990 ilitupiga. Bosco alikufa mwaka 1990 katika ajali ya gari huko Zambia. Mwaka huohuo mgodi wa Kamoto, Kolwezi, ukaporomoka; Gécamines ikaanguka na mishahara ikafa nayo. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa wingi mkubwa, na pamoja nao waliondoka waimbaji, wapiga ngoma, walimu wa kwaya na wasikilizaji. Sijui njia ya kulisema hilo kwa upole. Mji ulijikata mkono. Waliokua baada ya hapo walijifunza muziki kutoka kwenye kaseti na video za Kinshasa, na baadaye kwenye simu. Skrini inaonyesha kila kitu, ila haikujibu. Ukichekesha haicheki, ukichosha haiondoki. Na baa zilizobaki zikaanza kuweka muziki uliokwisha kurekodiwa, kijana akifungua mdomo tu juu yake.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mlango ulikuwa wazi. Mwaka 1979 mpiga gitaa Mwingereza, John Low, alifunga safari hadi hapa kuwatafuta Bosco, Masengo na mpiga gitaa mwenzao Losta Abelo. Alikaa nao, akajifunza vidole vyao na nyimbo zao, na mwaka 1982 akachapisha Shaba Diary huko Vienna. Baadaye Elijah Wald, mpiga gitaa na mwandishi Mmarekani, naye alikuja kukaa miguuni pa Bosco, muda mfupi kabla ya kifo chake. Nawashukuru, maana mengi tunayojua leo tunayajua kupitia kwao. Lakini wazee hao waliishi katikati yetu, na ni vijana wangapi wa mji huu waliobisha hodi?

Mkondo wenyewe haukukauka. Tshala Muana, aliyezaliwa katika mji huu mwaka 1958 na kufariki Kinshasa mwaka 2022, aliingia katika muziki akiwa mchezaji wa bendi ya mwimbaji M'Pongo Love kabla hajawa mwimbaji, na mwili wake ulijua kuzungumza na watu kabla ya sauti. Serge Kakudji, aliyekulia hapa, anaimba kwa sauti ya juu ya opera ambayo wengi wangemcheka nayo mtaani. Mwaka 2008 alisimama na wachezaji wa Alain Platel, mwongozaji wa dansi Mbelgiji, katika onyesho la pitié!, na mwaka 2014 katika Coup Fatal, ambamo opera ya kizungu na wapiga muziki wa Kinshasa walichezeana mbele ya watu. Mtu wa namna hiyo angeeleweka vizuri sana na Jecoke.

Kwa hiyo darasani kwangu nimeyarudisha yale ya zamani, bila kuyapamba. Anayeanza hagusi gitaa kwanza. Anagonga chupa, na wote tunamtegemea. Kila wimbo una fremu tuliyokubaliana na sehemu moja isiyo na mwenyewe, ambamo kila mtu lazima afanye kitu ambacho hakukifanya juzi. Katikati ya wimbo, mmoja anasimama kumtania mwenzake kwa kuimba, na mwenzake anajibu kwa kuimba. Noti ikikosewa, tunaomba ikosewe tena mara tatu kwa makusudi mpaka ipate maana. Na kila anayepanda ana mtu wake mmoja wa kumtazama, muuguzi wake wa kalela. Wale waliokuwa wakiganda wanaanza kunyanyua macho. Hawawi wote mabingwa, na wala sihitaji wawe.

Walimu wenzangu wa Kenya, Ruashi, Kampemba, Likasi na Kolwezi, nawaomba jambo moja. Wapo bado wazee waliomwona Masengo akipiga na Mufwankolo akiigiza, na kila mwaka tunawazika wengine. Waiteni kwenye mazoezi yenu msimu huu, wakae kwenye viti vya mbele, wawaruhusu vijana wacheze nao, na mtu mmoja arekodi wanayoyasema. Nauli yao ndani ya mji ni ndogo kuliko bei ya seti moja ya nyuzi.